Kidude cha Kikombe

4 Machi

Baba mpendwa,

Hujambo? Mkono unaendeleaje? Mama aliniambia ngozi imeanza kurudi, lakini Mama hunipunguzia habari mbaya, kwa hiyo nijibu wewe mwenyewe. Mama, msomee yote bila kuruka. Mimi ni mzima, ila mafua kidogo.

Tangu nisikie ulivyojimwagia chai sina raha. Tangu macho yako yazimike watu wanakunyang'anya kazi zako moja moja, na najua birika limefichwa juu ya kabati. Sasa fungua kifurushi. Hicho kidude kama kibanio cha nguo nimekibuni mwenyewe hapa karakana. Kibane kwenye ukingo wa kikombe, zile nyaya mbili ziingie ndani. Chai ikizigusa kinalia, nawe unaacha kumimina. Wenzangu wamejifunga vitambaa machoni, wakamimina maji bila kumwaga hata tone.

Mkuu wetu hatakubali kitengenezwe kwa wingi mpaka aone mtu anayekihitaji kweli akikitumia. Nimemwambia mtu huyo ninaye. Nataka umpelekee Mama chai kitandani kama zamani.

Binti yako


21 Machi

Binti yangu,

Salamu zimefika na mkono umepona. Ninayesema ni mimi, anayeandika ni mama yako, kwa hiyo ukikuta umbea humu ndani ujue si wangu. (Hakuna umbea. Mkono bado una alama. Mama.)

Kidude chako kina sauti ya jogoo aliyekabwa koo. Kikombe cha kwanza kililia mapema mno. Nikarudia, kikalia tena. Nilipoonja, chai ilikuwa nusu, juu povu tupu. Ninyi huko mlimimina maji, tena kwa chini chini kama mnaopima dawa. Mimi namimina chai ya maziwa kutoka juu mpaka itoe povu, na kwa umri huu sibadili mkono. Povu likigusa nyaya zako, kelele. (Nimemwambia amimine kwa chini. Hasikii la mtu.)

Hilo la povu ni dogo. Kubwa ni kwamba kikilia tu, mama yako anatoka mbio huko aliko, ananipokonya birika na kumalizia yeye. Umenitengenezea kengele ya kumwita.

Naona kalamu imenyamaza. Andika, mke wangu, hivyo hivyo nilivyosema. Tangu tuoane nimemwamsha huyu kwa kikombe cha chai, na leo ananiletea mimi kama mgonjwa. Inaniuma. Macho yamekwenda, sawa, lakini hili silitoi. Nipe kitu kitakachoniambia mimi peke yangu.

(Nimeandika neno kwa neno. Mwanangu, siku ile nilimkuta mkono umevimba, ndipo nikalificha birika juu ya kabati. Kidude kikilia, miguu inaondoka yenyewe. Naogopa.)

Baba yako


15 Aprili

Baba na Mama wapendwa,

Natumaini barua hii inawakuta mkiwa wazima na mnaongea. Hapo kwenye jogoo nilicheka mpaka wenzangu wakageuka kunitazama. Nilipoendelea kusoma, kicheko kiliisha.

Kifurushi hiki kina kidude kipya; nimeng'oa betri, nyaya, kila kitu. Ndani ya kikombe sasa kuna boya dogo la plastiki, na juu yake kijiti. Baba, weka kidole juu ya kitundu kilichopo kwenye kibanio. Chai ikipanda, boya linapanda nayo, na kijiti kinakugusa ncha ya kidole. Povu halina nguvu ya kuliinua boya, kwa hiyo mimina kutoka huko huko juu ulikozoea. Hakitoi sauti yoyote.

Mkuu alisema kidude kisicho na betri kitachekwa dukani. Sikubishana naye. Nilimfunga macho kwa tai yake mwenyewe nikampa birika. Alimimina kikombe, akamimina kingine, akagawia karakana nzima na akakataa kufunguliwa. Sasa anasema, "Baba yako akikikubali, tunakitengeneza."

Mama, wewe sikukutengenezea kitu. Nakuomba tu ukae.

Binti yenu


20 Mei

Wapendwa,

Hamjambo? Mbona kimya? Mkuu ananiuliza kila anaponiona. Kama kidude kimeshindwa, semeni tu, nitaanza upya. Kama Baba ameungua tena, msinifiche hata siku moja zaidi. Usingizi umenipotea.

Binti yenu


2 Juni

Mwanangu,

Tulale salama sote, wewe ukiwa wa kwanza. Hakuna aliyeungua. Leo anayesema na anayeandika ni mimi.

Baba yako ndiye aliyezuia barua. Alisema hataki uandikiwe kwamba anajaribu, uandikiwe akishaweza. Alikuwa anafanya mazoezi kwa chai baridi. Jikoni sisimizi walifanya harusi, sakafu inanata, na mimi nafuta huku nimeuma midomo. Mara tatu nne nilinyoosha mkono nikaurudisha.

Jana asubuhi akasema, "Leo ya moto. Rudi kitandani." Nikarudi. Nilishika shuka kwa mikono yote miwili. Kidude chako hakitoi sauti kweli, na ule ukimya ulinitesa kuliko jogoo wako. Nilisikia birika likiwekwa chini, kisha nyayo zake zikija taratibu, zinasimama mlangoni, zinaingia.

Kikombe kimejaa vizuri, povu juu, kisahani kikavu. Akaniambia, "Amka, mama. Kumekucha."

Nilikunywa nikilia, wala sijui kama ilikuwa na sukari. Yeye alikaa pembeni kifua mbele utadhani kaapishwa. Mchana akamkaribisha jirani yetu fundi viatu na mkewe, akawamiminia wote, halafu akawaeleza habari za boya lako mpaka chai ya watu ikapoa. Yule mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, ambaye naye haoni, alikishika kidude akagoma kukirudisha mpaka jioni. Mwambie mkuu wako akitengeneze, na cha kwanza kiwe cha mwalimu, la sivyo tutagombana hapa. Mwanangu, umenirudishia mume wangu. Najivuna nawe.

Nakuandikia nikiwa sebuleni. Yeye yuko jikoni, namsikia anamimina chai ya moto. Sijainuka.

Mama yako