Firigisi ya Babu

Risper, aki leo nimejiaibisha. Niko nyuma ya jikoni nalia.

Kuna mgeni wa Nyanya, Mzee Ayub wa Malava, alikuwa jeshini na Babu. Nikachinja kuku, nikamwekea firigisi. Mimi nilidhani ni heshima, si firigisi hupewa mwanaume mkubwa wa nyumba ama mgeni!

Nyanya akainyakua kutoka kwa sahani ya mgeni. "Hiyo iko na mwenyewe!"

Mwenyewe ni Babu. BABU, Risper!! Lori ya jeshi ilimchukua 1965 kwenda vita vya Shifta, kuku ikiwa bado kwa moto. Akamwambia Nyanya, "Niwekee firigisi yangu." Hajarudi mpaka leo. Na tangu hiyo siku hakuna mwanaume amewahi kula firigisi kwa hii nyumba. Mimi sikuwa najua!

Mzee Ayub akaanza kulia. Mzee mzima. "Shemeji, nilimzika mimi mwenyewe, huko Wajir. Miaka hii yote nimeogopa kukwambia."

Nyanya hakulia. Aliangalia tu hiyo firigisi kwa mkono wake, woi.

Halafu akairudisha kwa sahani ya mzee.

"Basi kula wewe, shemeji. Usibakishe."