Firigisi ya Kanga

Jumatano, 2 Juni 2004
Uji tena. Baba ameonja, akageuza uso ukutani. Nimeumalizia mimi, nimesimama, kabla ya kwenda kazini. Ugonjwa ni wake, kunenepa ni kwangu.

Tangu atoke hospitali suruali anaifunga kwa kamba. Daktari alisema wazi: akipungua tena kufikia kliniki ya tarehe 14, atarudi wodini. Na Baba anasema akirudi kule hatatoka kwa miguu yake. Naogopa. Mchana kutwa ofisini naogopa.

Ijumaa, 4 Juni
Ametaja chakula! Mwenyewe, bila kuulizwa. Anataka kanga, yule ndege wa madoadoa waliyekuwa wakimtega vichakani Butere alipokuwa kijana.

Hapa mjini, Woodley, nitamtoa wapi ndege wa mwitu? Ofisini wamenicheka mpaka wakachoka. Kisha mmoja akanielekeza: ukipita Dagoretti Corner kuna mama anawafuga, ana kibali.

Jumamosi, 5 Juni
Nimempata. Mama Njeri. Alinipa kanga ameshachinjwa na kunyonyolewa, ndani ya karatasi ya nailoni. Nikauliza anapikwaje.

"Hata sijui, dada. Sisi hatukulangi vitu za msitu. Mimi nauza tu."

Basi nikapika kwa akili yangu. Nyanya, hoho, dania, bizari. Nyumba ikanukia harusi. Baba akakoroga bakuli, akakoroga tena, kama mtu aliyeangusha kifungo kwenye mchuzi. Akaweka kijiko chini. Ati ameshiba.

Ameshiba nini? Nimemkasirikia mgonjwa, Mungu anisamehe. Sufuria zote nimeziosha kwa kelele.

Jumanne, 8 Juni
Nimempigia simu Senge, dada yake Baba, nimlilie. Alinisikiliza, kisha akauliza swali moja.

"Imondo ulimpatia?"

Nikamtajia nilivyotia: nyanya, hoho, dania, bizari.

"Mtoto wa Mluhya mzima! Unampea mzee ndege haina imondo, halafu unashangaa mbona hakuli?"

Firigisi. Ilibaki kwa Mama Njeri pamoja na matumbo, wala sikuikumbuka. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye mji. Ndege akifika mezani bila hiyo, mzee anajua imeshaliwa na mwingine, na kwamba yeye hahesabiwi tena. Ndiyo aliyokuwa akiitafuta kwa kijiko. Akaikosa kwangu mimi, binti yake.

Nimejiona mjinga wa kutupwa. Tena Senge ameongeza: hizo bizari ni za kuficha nyama mbaya. Kanga ni maji na chumvi. Na subira, maana ni mgumu.

Alhamisi, 10 Juni
Baba amelala siku nzima. Chai bila mkate. Mikono yake imekuwa mifupa na mishipa. Sitaki kuandika zaidi.

Jumamosi, 12 Juni
Safari hii nimemleta kanga akiwa hai, kwenye katoni. Amezaliwa bandani lakini mwitu haujamtoka. Alipiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Baba akasikia kutoka kitandani. Akacheka! Halafu akaomba kisu.

Amechinja mwenyewe, ameketi mlangoni na blanketi mabegani. Mimi nikanyonyoa, nikambabua juu ya makaa. Firigisi nikaipasua, nikaiosha, nikaivua ile ngozi ya manjano, nikairudisha sufuriani. Maji. Chumvi. Basi. Mara mbili mkono wangu ulielekea kwenye bizari, Baba akakohoa.

Jikoni makaa yakawa madogo, sufuria ikanong'ona mpaka nyama ikaachia mfupa. Nikampelekea bakuli, firigisi juu, aione kwanza. Aliila bila neno. Kisha paja. Kisha akamwagia mchuzi juu ya ugali. Nilitoka nje nikacheka peke yangu kama mwehu.

Jumatatu, 14 Juni
Hajapungua. Ameongezeka, kidogo tu, lakini ameongezeka! Daktari akauliza ametumia nini.

"Kanga," akasema Baba, akavaa kofia.

Harudi wodini. Nimerudia sentensi hiyo njia nzima.

Jumapili, 20 Juni
Baridi, manyunyu. Kanga tena baada ya kanisa. Maji na chumvi.

Nikampa Baba firigisi yake. Akaipasua kwa kucha, nusu akaiweka juu ya ugali wangu. Nikamwambia, hiyo si yangu, Baba.

"Mwenye nyumba hakosi imondo," akasema.

Kwetu wanawake hawaili. Mama aliwapikia wengine ndege maisha yake yote na akafa hajaionja.

Nilikula. Ni ngumu kuliko nilivyodhani. Nilitafuna polepole, na Baba akangoja nimalize ndipo akala nusu yake.