Tope Lililolala Kichwa Chini

4 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo yana ugomvi na ngazi za ghorofa hii. Wewe je, unakula?

Maelezo yako juu ya pepo za msimu nimeyasoma mara mbili. Nchi kavu hupata joto kuliko bahari, ikavuta upepo wenye maji. Milima ikiinuka, mvua hubadili njia. Dunia nayo huyumba kama pia ya watoto inayoishiwa nguvu, na mvua huzidi au kupungua. Sasa niambie moja tu, Bi Mtaalamu: kwetu, tulikohama ziwa lilipokauka, mvua itarudi? Ikiwa ndiyo, nataka nikamalizie uzee huko.

Babu yako

19 Machi

Shikamoo Babu,

Ninakula, usinichunguze. Tumetoboa sakafu ya ziwa hilo hilo na tope lake liko mezani kwangu, ndani ya bomba. Tabaka jeusi ni zama za mvua, jeupe lenye chumvi ni ukame. Ukame ulioukimbia wewe ni unene wa ukucha tu. Kadiri ninavyokaribia siku zetu, weusi unazidi. Inaelekea mvua inarudi, Babu.

Mjukuu wako

2 Aprili

Shikamoo Babu,

U mzima? Simu yako haipatikani. Tafadhali usimkabidhi mwenye nyumba funguo za chumba chako.

Bomba hufungwa kifuniko chekundu upande wa juu, cheusi upande wa chini. Nilivifungua kuviosha, nikavirudisha kinyume. Nimelisoma tope lote kichwa chini. Weusi ndio wa kale, weupe ndio wa karibu. Mvua imekuwa ikiondoka huko kwa maelfu ya miaka. Huenda ikarudi, lakini si kwa umri wako wala wangu. Nisamehe.

Mjukuu wako

25 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba, mimi mzima. Barua yako imenifuata huku kwetu, ziwani. Funguo nilikwisha kabidhi, na kosa lako nimelicheka peke yangu kama mwehu.

Niliazima jembe nikachimba pale tulipokuwa tukiogelea. Chini ya weupe kuna weusi kweli, umejaa magamba ya konokono wa maji, madogo kama punje za mchele. Waliishi lini? Walikula nini? Kesho nachimba zaidi.

Maji huletwa na lori. Basi la kurudi hupita Ijumaa. Jana lilipita, nikalipungia mkono.

Babu yako