Amani Uliyoiandika Gazetini

Chiola, Nachingwea
3 Julai 1955

Kwa kaka yangu mpenzi Amiri Isihaka, Dar es Salaam.

Salaam aleikum, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Sabaha pamoja na watoto. Huku mvua zimekwisha, mihogo ipo, na mama anakohoa kidogo asubuhi tu. Ningeweza kuendelea hivi mpaka karatasi iishe, kama ulivyozoea kuletewa, lakini leo nimekasirika na sitaki kujificha nyuma ya salamu.

Gazeti ulilotutumia lilifika Jumatatu. Nilimsomea mama uani, na shangazi Zaina wa Ruangwa alikuwapo, maana hajarudi kwake tangu msiba wa baba. Umeandika vizuri, Kiswahili chako siku hizi kimepigwa pasi. Umesema jirani zetu wa kaskazini wanauana misituni, ila sisi Watanganyika ni watu wa amani tangu kuumbwa, na magomvi yetu tunayamaliza kwa utani na kucheka. Hapo ningekusamehe. Lakini ukamtaja baba. Ukasema Mzee Isihaka wa Chiola, aliyelima maisha yake yote na kufa kitandani bila kuinua sauti, ndiye sura ya nchi yetu. Shangazi aliuliza huyo ni Isihaka yupi. Mama alijifunika uso kwa kanga.

Tangu kuumbwa, kaka? Umesahau bibi alivyotusimulia Wangoni walivyowachukua dada zake wawili, wasirudi tena? Utani wetu nao ulitoka huko, kwenye mikuki, na ndiyo maana hata leo Wangoni wana ruhusa ya kutusema. Na Majimaji je? Babu hakuuawa na homa. Ni sisi hao hao, watu wa amani.

Na baba vilevile hakufa kwa homa. Mimi ndiye niliyekuandikia hivyo mwezi wa tano, na nilikudanganya.

Ilikuwa hivi. Kulikuwa na habari kwamba wageni wakubwa kutoka ng'ambo watapita kutazama hali ya nchi. Jumbe Salimu akaamuru kila mwenye nguvu atoke kufyeka barabara na kupaka chokaa mawe ya kandokando, siku sita mfululizo. Nawe unajua mwezi wa tano ni mwezi wa nini. Ufuta ukikawia kukatwa, vitumba vinapasuka na mbegu zinamwagika chini, na jasho la mwaka mzima wanaliokota sisimizi. Baba alitoka siku mbili. Siku ya tatu akamwambia tarishi kwamba mawe hayaliwi, akashika mundu wake akaenda shambani.

Walimfuata huko huko. Walimleta barazani kwa jumbe na majani ya ufuta yakiwa bado mabegani mwake. Jumbe alisema wageni wanakuja kuona nchi yenye utulivu, na mzee mmoja mkaidi hatamharibia. Wakamkumbatisha nguzo ya baraza, tarishi akamchapa viboko kumi na viwili. Mzee wa miaka sitini na tano! Baba hakulia. Hilo peke yake ndilo ulilolipatia katika maandishi yako. Baada ya siku nne wageni walipita, wakatazama mawe meupe, wakapewa madafu. Mmoja alisema kwamba hajaona watu wapole kama sisi, nasi tukashangilia. Baba alikuwa amelala kifudifudi ndani, anakojoa damu. Alikufa siku ya tisa.

Mazishini alikuja Stefano, yule mtani wetu Mngoni aliyekuja kulima karanga za Wazungu, akabaki hapa shamba lilipovunjika. Unajua kazi ya mtani. Alivaa koti la baba na kofia yake, akatembea kama baba, akawakaripia mbuzi kama baba, na watu wakacheka, hata mama akacheka. Kisha akaiendea nguzo ya baraza ya nyumba yetu, akaikumbatia, akaanza kuhesabu kwa sauti ya baba. Moja. Mbili. Kila hesabu mgongo ulishtuka. Kicheko kilikatika kwenye nne. Jumbe alikuwa ameketi mkekani pamoja na wazee, anatazama chini. Stefano alipofika kumi na mbili aligeuka akaniita mimi kwa jina, kwa sauti ile ile, akaniuliza kama nimeandika.

Hakuna aliyesimama kumzuia, kwa kuwa mtani hazuiwi msibani. Lakini kesho yake tarishi walimchukua, na mpaka leo wamemfungia. Jumbe anasema utani una mipaka, na kwamba Stefano anachochea watu waichukie serikali. Alhamisi ijayo atapelekwa Nachingwea mjini mbele ya liwali. Shahidi wa kusema kwamba baba hakupigwa ni daftari la mashauri la baraza. Watalifungua siku hiyo, na Stefano atafungwa kwa uongo wake.

Sasa nikuambie, kaka, kwa nini aliniuliza mimi.

Karani wa baraza ni mimi. Ulilijua hilo, tena ulifurahi nilipopata kazi. Siku ile nilikuwa mezani, hatua tano kutoka kwenye nguzo. Sikuinuka. Baba aliniangalia mara moja tu, halafu akageuza shavu upande wa pili, nadhani ili nisione uso wake. Walipomaliza, jumbe aliniambia niandike kwamba Isihaka ameonywa na shauri limekwisha kwa amani. Nikaandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, haukutetemeka hata herufi moja, na hilo ndilo linalonitia wazimu.

Si hilo tu. Siku ya nne mama alinituma kwa watu wa misheni niombe lori la kumpeleka baba hospitali yao. Nilipita kwanza kwa jumbe. Aliniambia daktari ataandika alichokiona, na karatasi ya daktari ikigombana na daftari, karani ndiye atakayefungwa. Niligeuza njia. Nilimwambia mama kwamba daktari yuko likizo. Kaka, daktari alikuwapo, nilimwona mwenyewe kwa mbali akipita na baiskeli yake. Tarishi ana kiboko chake na jumbe ana amri yake, lakini siku tano za mwisho za baba ni zangu mimi.

Nimekukasirikia tangu Jumatatu, na sasa naona kwamba neno lile la amani umelisoma kwangu, nilipokuandikia kwamba baba alikufa kwa amani. Mimi nimeliandika daftarini, wewe gazetini.

Alhamisi nitakwenda Nachingwea. Wakilifungua daftari nitasimama niseme kwamba mwandiko ni wangu na maneno ni ya uongo. Watanifukuza kazi, pengine wataniweka ndani pamoja na Stefano, na nitakwenda. Nawe liandikie lile gazeti lako tena. Waambie Mzee Isihaka aliinua sauti, alisema mawe hayaliwi, na akauawa kwa hilo. Wakikataa kuyachapa hayo, basi utakuwa umejua nchi yako ni ya namna gani.

Nisalimie shemeji na watoto. Shangazi Zaina anawasalimu sana. Jirani zako wote wa zamani wanakusalimu pia.

Mama nilimwambia jana jioni habari ya daktari, kabla ya kukuandikia wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani. Leo nilipomwuliza salamu zake niandike nini, alinijibu kwa kupitia shangazi, nami nimekaa hapo hapo mbele yake. Alisema niandike kwamba amebakiwa na mtoto mmoja, yuko Dar es Salaam, na aje.

Ni mimi,
Bashiri Isihaka