Mipira Mia Mbili Tisini na Saba

Nyumba Na. 418, Mtaa wa Larkin,
Omaha, Nebraska.
14 Desemba 2012

Mpendwa Mjomba Alonzo,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini mgongo wako umepata nafuu tangu ulipotuandikia mwezi wa kumi, na kwamba baridi ya Alaska haijakushinda hapo kiwandani kwenye kusafisha samaki. Mama anauliza kama soksi za sufu zilifika. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mmoja, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Leo nimejaribu kukupigia simu mara mbili, nikakata kabla haijaita. Kwa maandishi sitaweza kukimbia.

Ni habari za mwanao Terrick. Hajafa, Mjomba, wala hajavunjika. Soma polepole.

Unajua kwamba tangu mwaka jana mimi ni karani wa kliniki ya klabu anayochezea mpira wa Kimarekani, na kwamba yeye ndiye aliyeniombea kazi. Kila mwezi wa saba, kabla ya msimu, wachezaji hupimwa kumbukumbu kwenye kompyuta. Huonyeshwa maneno kumi na mawili, kisha huulizwa wanakumbuka yapi. Mtu akigongwa kichwa baadaye hupimwa tena, na majibu hulinganishwa na yale ya kwanza. Kazi yangu ni kuketi karibu naye na kutia sahihi kwamba amejitahidi kadiri ya uwezo wake.

Mwaka huu Terrick alikumbuka manne. Terrick huyu, ambaye akiwa na miaka tisa alitaja namba ya kila wimbo wa kanisani hata Shemasi Purvis akawa anamwita Faharasa. Nilimtazama, naye akacheka.

"Karani, mbona umetoa macho kama umeona mkaguzi? Tia sahihi, mdogo wangu. Tuko wengi tunaofanya hivi."

"Sasa kaka, ukiumia kweli watajuaje?"

"Ndiyo maana yake. Wasijue. Mpira wa mia tatu uko karibu, na mzee wangu anasubiri."

Nikatia sahihi.

Sikulaumu, Mjomba. Lakini ule ubao juu ya kitanda chako, unaochora mstari kwa kila mpira anaoudaka, aliubeba moyoni kila alipoingia uwanjani. Uliandika kwamba ikifika mia tatu utavua gwanda la kiwanda na kurudi nyumbani. Mezani sote tulicheka. Yeye hakucheka.

Unakumbuka alikotoka. Alipomaliza chuo hakuna klabu iliyomchagua. Mbili zilimwita kumjaribu zikamwacha, ya pili siku ya mwisho kabisa, akarudi kwa basi na viatu vyake kwenye mfuko wa nailoni. Hapa, kwa misimu sita, amekuwa mpokeaji, mdakaji wa mipira inayorushwa, anayetumwa katikati ya uwanja, mahali ambapo wenzake warefu hawapendi kwenda, kwa sababu ukinyoosha mikono kudaka, mbavu na kichwa viko wazi kwa yeyote anayekuja.

Hapo ndipo alipogongwa tarehe kumi na moja Novemba. Nadhani uliona kwenye televisheni alivyoinuka mwenyewe na kupunga mkono. Nawe ulichora mstari, maana mpira hakuuachia. Jumanne nikampima. Alikumbuka maneno matano. Kompyuta ikasema yuko sawa, tena kaongeza moja. Mimi nilijua safari hii hakuwa anaigiza, kwa kuwa jasho lilikuwa likimtoka. Nikapeleka karatasi kwa daktari bila kusema neno. Niliogopa kufukuzwa, na nilimwogopa Terrick pia.

Sikukuu ya Shukrani alikula kwetu. Baada ya bata mzinga alinivuta nje uani. Unajua wapokeaji huhesabu hatua: saba, kisha unakata kwenda ndani. Akasema, "Nihesabie, Winfred," kana kwamba ni mchezo. Nilihesabu saba kwa sauti. Akapitiliza hadi kwenye uzio wa jirani, akasimama pale ameushika.

Mama akatoka mlangoni. "Nyie, mnachezea matope na viatu vya sikukuu? Na wewe Terrick, umeshakula vipande vitatu vya pai yangu, kila kimoja unaniambia ndicho cha kwanza. Usinichezee, mtoto wa kaka yangu."

Tulicheka, Mjomba. Hata mimi nilicheka.

Tangu siku ile ya Novemba amedaka miwili tu. Jumapili iliyopita aligeuka akiwa amechelewa, mpira ukampita sikioni, na beki aliyekuwa anakuja akamkosa kwa upana wa mkono. Jumapili hii alikuwa acheze tena.

Leo asubuhi nilimwambia daktari yote, pamoja na habari ya sahihi yangu. Hakupaza sauti. Aliniomba tu ufunguo wa kabati la mafaili. Kisha akamwita Terrick, akampima upya kwa njia nyingine, na kufika saa sita alikuwa amemwambia kwamba hatamruhusu kucheza tena, si msimu huu wala mwingine.

Mchana mkewe Corinne alimleta hapa. Terrick akaketi kwenye ngazi.

"Umenimaliza, karani."

"Najua, kaka."

"Mitatu tu. Ungefumba macho kwa mitatu tu."

Akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu tumzike Bibi. Nikaingia ndani kumchukulia maji. Niliporudi alikuwa amesimama, anatazama saa yake.

"Winfred, unazubaa nini na hiyo glasi? Twende, tutachelewa mazoezi."

Corinne aligeuza uso. Nikamwambia Terrick mara ya pili kwamba hatacheza tena. Akalia upya kama ndiyo kwanza anasikia, na tena akasema, "Mitatu tu."

Mjomba, akiniuliza mara ya tatu sina moyo wa kumjibu. Njoo. Usisubiri mia tatu, haitafika. Njoo kwa hiyo mia mbili tisini na saba, maana yote aliidaka ili urudi. Akikuuliza habari za mazoezi, mwambie wewe kwamba yamekwisha, na kwamba umerudi nyumbani. Huenda hilo la pili likamkaa kichwani.

Mama anakusalimu, na Corinne, na Shemasi Purvis ambaye bado hajui. Nisalimie Mzee Halvorsen wa jikoni kwenu. Mungu akukinge na baridi hiyo na akufikishe salama.

Mpwa wako akupendaye, nawe ukiweza usiache kunipenda,

Winfred