Majina ya Karani

Jumanne, 3 Februari

Baba amekubali! Mwezi mzima namfuata. Alhamisi ya wiki ijayo tumeruhusiwa kuingia kijiji chetu cha zamani, tulikohamishwa kupisha mradi wa gesi, siku moja tu, kuzuru makaburi kabla ya Ramadhani. Mawe hayana maandishi. Kila mwaka Baba ndiye anayetangulia, jiwe kwa jiwe, anataja jina na ubini, sisi tunaitikia dua. Sasa magoti yamemkatalia. Kwa hiyo atataja hapa Quitunda, barazani, mimi nachapa kwenye kompyuta ya shule, nikayasome huko. Mimi ni karani wa shule, kuchapa ndiyo kazi yangu. Nitashindwaje?

Jumatano, 4 Februari

Kompyuta inajua Kireno tu. Kila jina analotaja Baba, mstari mwekundu chini yake. La bibi yangu, Mwanvua binti Pazi, lilijibadilisha lenyewe mara mbili tukiliangalia. Baba akauliza wekundu huo wa nini. Nikacheka — mashine inasema tumekosea, Baba. Kuzima masahihisho ni dakika mbili, lakini nina ripoti ya direktori, ya Kireno, na huko nayahitaji. Nizime, niwashe tena? Uvivu.

Akasema inatosha. Majina sita tu leo.

Ijumaa, 6 Februari

Mambo mteremko! Majina thelathini na moja bila kusita. Joaquim, Lourenço, Ernesto... Nikamuuliza kama hawa nao ni wetu.

"Ni wetu, mwanangu. Wewe andika. Haya hayatapigwa mstari."

Na kweli, ukurasa safi. Hata yale sita ya juzi kasema niyafute, akanipa mengine. Nimefurahi sana.

Jumapili, 8 Februari

Shangazi Zulfa, dada yake Baba, amefika kutoka Nhica. Nikamsomea orodha kwa maringo. Akanikatiza.

"Joaquim ndiye nani?"

Wa jiwe la kwanza, nikasema.

"Jiwe la kwanza ni babu yako Shamte. Joaquim ni jina la kodi, karani wa Mreno alimwandika hivyo. Nyumbani hakuna aliyemwita. Sasa dua utamwombea nani, karani?"

Yote ni majina ya karani. Wanawake hawakuandikwa kodi, kwa hiyo Bibi Mwanvua Baba kamwita Maria tu. Na Shangazi aliolewa mdogo, anakumbuka makaburi manne.

Halafu akanieleza. Shuleni kwao, enzi za Mreno, mwalimu alitia alama kwa kalamu nyekundu, kisha akazihesabu. Kila alama, pigo moja la palmatória, kirungu bapa cha mbao, kiganjani. Kuna siku Baba alirudi nyumbani hawezi kushika tonge.

Miaka thelathini na minne naishi naye, sikujua. Nami nilicheka. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yamekuja siku ya nne tu.

Jumatatu, 9 Februari

Nimemwomba aanze upya. Amekataa. Yaliyoandikwa yanatosha, anasema. Nikaleta daftari na kalamu — basi, bila mashine. Akasema karatasi nayo mwisho wake nitaipeleka kwenye mashine. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Jumanne, 10 Februari

Baada ya alasiri. Nimezima. Kwenye menyu, Ficheiro, Opções, kisha ukurasa wa masahihisho, nikaondoa tiki moja moja, zote. Ripoti ya direktori na iende na makosa yake. Nikachapa Mwanvua binti Pazi. Halikubadilika. Chini yake peupe.

Nikampelekea barazani. Akasogeza uso, akapangusa kioo kwa ncha ya kikoi chake, akaangalia tena.

"Imekubali?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nikasema haikukubali, Baba, nimeinyamazisha.

"Kumbe inanyamazishwa?"

"Ndiyo."

"Na Jumatano ulikuwa unajua?"

Nikasema nilijua. Nikasema unisamehe. Hakuisukuma kompyuta.

Kisha, polepole: "Shamte bin Buanali. Anayemfuata, mkewe, Mwanvua binti Pazi." Nikachapa. Akataja wa tatu, nikachapa. Wa nne. Wa tano hakuja.

Hao wanne hata Shangazi anawajua.

Amefumba macho. Kidole gumba kinapita juu ya vingine, midomo inacheza bila sauti. Akifika cha tano anasimama, anarudi cha kwanza. Mara ya tatu sasa. Alhamisi ni keshokutwa. Nimeiweka kompyuta pembeni, naandika haya kwa kalamu, asije akaona kwamba namsubiri.