Miaka Minane Isiyokuwepo

Adama,
Meskerem 4, 2010

Kwa dada yangu mpendwa Yeshimebet,

Salamu zangu zikufikie wewe na wote walio chini ya paa lako hapo Dessie. Mwaka mpya umewaingiaje? Na lile goti lako la kushoto linasemaje baada ya mvua zote hizi? Sisi hapa hatujambo. Tirngo anakusalimu mno, anasema lile shuka la shamma ulilomletea halijamtoka mabegani tangu Pasaka. Watoto wanakula kuliko wanavyosoma, lakini wanasoma. Mimi mwenyewe ni mzima, tena nalala usingizi wa mtoto mchanga, jambo ambalo halijanitokea tangu mwezi wa Sene.

Sitaki kukuzungusha. Dada, nimepata kazi! Piga vigelegele kwanza, majirani wakiuliza waambie, kisha rudi uendelee kusoma, maana habari haikuishia hapo.

Sikukuambia kwenye simu kwamba kiwanda chetu cha unga kinafungwa. Walitutangazia mwezi wa Sene, watu sabini na wawili tumesimama uani kwenye matope, kwamba mwisho wa Nehase mitambo inang'olewa na kila mtu ashike njia yake. Nilikaa kimya kwa sababu nilijua ungekosa usingizi. Fikiria hali yangu: nina miaka arobaini na tano, watoto watatu shuleni, na kitu pekee ninachokijua duniani ni kugeuza nafaka kuwa unga. Nilizunguka wiki tatu nikiuliza kazi. Kila mlango nilioubisha, jibu lilikuwa moja: lete wasifu wako wa kazi.

Hapo nikakukumbuka, na nikaona haya peke yangu barabarani. Kila mwaka, siku ya kwanza ya Pagume, kale kamwezi ka siku tano kanakofunga mwaka wetu, unanipigia simu na maneno yaleyale: siku tano hizi hakuna anayekulipa, kwa hiyo jifanyie kazi yako mwenyewe, kaa chini uandike ulichofanya mwaka mzima. Ulikuwa ukisema mtu aandike kazi yake jasho halijakauka, kwa sababu akichelewa atakumbuka cheo na kusahau alichofanya. Nami kila mwaka nilikujibu kwamba nimeandika, tena mwaka juzi nikaongeza kwamba nimeandika kwa wino mweusi. Dada, nilikuwa nakudanganya. Wasifu niliokuwa nao ni uleule ulionipigia chapa wewe mwenyewe, kwa Kiingereza, kwa mashine ya mahakamani ulikokuwa ukifanya kazi, mwaka 1990, niliouongezea mistari kwa kalamu hadi 1999, nilipohamia kiwanda hiki cha pili. Baada ya hapo, hata nukta.

Basi nikaenda kwenye duka la kompyuta karibu na stendi. Nilikuta wenzangu kumi na mmoja kwenye foleni, kila mmoja na bahasha ya karatasi zilizoliwa na panya. Binti wa pale aliunakili ukurasa wako kama ulivyo, kisha akaniuliza kazi ya pili nilianza lini. Nilipomtajia mwaka, akaugeuza kuwa wa kizungu, akisema kampuni kubwa ndivyo zinavyopenda. Akaandika kwenye ukurasa wa pili: mkuu wa zamu, 2007 hadi leo. Mstari mmoja, kazi ya miaka kumi! Nilipofika nyumbani Tirngo akaniuliza kama nimeisoma karatasi. Nikamwambia nisome nini, hayo si maisha yangu mwenyewe? Mimi nilikuwepo!

Kampuni iliyoniita iko Bishoftu. Wana kinu kikubwa, na pia wanauza mashine ndogo za kusaga kwa vijiji. Nafasi niliyoomba ilikuwa ya mkuu wa zamu. Nilivaa suti yangu ya harusi, ile ambayo siku hizi vifungo vyake na tumbo langu havisalimiani. Ndani nilikuta watu wawili. Mmoja ni Mhandisi Raghavan, Mhindi mwembamba ambaye kwa lugha yetu anajua neno moja tu, "ishi", yaani sawa, nalo analitumia kukubali, kukataa na kuaga. Wa pili ni Bi Elfinesh, mwanamke wa makamo aliyeitwa asubuhi ileile kukaimu afisa utumishi aliyekuwa mgonjwa, awe mkalimani. Nakala ya wasifu wangu ilikuwa moja, nayo ilikuwa mkononi mwa mhandisi.

Alisoma ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili, akarudi wa kwanza. Akasema kitu. Bi Elfinesh akanigeukia: "Baba, anauliza hapa katikati kuna miaka minane. Ulikuwa wapi? Karatasi yako imekaa kimya."

Dada, mtu mwenye moyo safi angesema miaka minane ipi, hebu nioneshe. Mimi sikuwa na moyo safi. Kuna jambo nililolificha, na aliyeficha kitu, akisikia hatua tu mlangoni, hudhani wamekuja kwa ajili yake. Nilifikiri wamepiga simu Adama. Nilifikiri wanajua. Hata kuhesabu kwamba miaka minane si sawa na miwili sikuhesabu. Kinywa kikafunguka chenyewe, nikasema mbele ya wageni wale wawili yale ambayo sijakuambia wewe uliyenilea. Nayasema kwako sasa.

Mwaka 2002, mwisho wa mvua, nilifukuzwa kazi. Si kwa fitina ya mtu, ni kosa langu. Ngano ilikuwa bichi, nami nilikuwa na haraka ya kumaliza zamu, nikaipitisha kabla haijakauka. Ikageuka uji ndani ya mabomba yote, na kiwanda kikasimama siku tisa. Walinifukuza mbele ya zamu nzima. Miaka miwili na zaidi niliyokuwa nikikuambia kwamba mambo kiwandani ni shwari, mimi nilikuwa vijijini huko Arsi, nyundo na patasi begani, nikienda kwa miguu kutoka mashine moja ya kusaga hadi nyingine, nikichonga mawe yaliyokwisha makali. Kazi niliifundishwa na mzee mmoja wa Iteya, na jiwe la kwanza nililiharibu, Mungu anisamehe. Nililala ghalani juu ya magunia. Baadaye aliyechukua nafasi yangu aliondoka, kiwanda kikaniita nirudi, nami nikarudi nikafunika kila kitu, kama chungu kilichoungua. Tirngo peke yake ndiye aliyejua, na kila mwaka aliniambia, mwambie dada yako, wewe mwanamume. Sikuwa na ujasiri. Mtu aliyesomeshwa kwa mshahara wako, mwenye diploma uliyoitundika ukutani kwako, anatembea vijijini amejaa vumbi la mawe kichwani! Nilikuwa nimejifungia, dada, na ufunguo ninao mwenyewe.

Nilipomaliza, mhandisi alimtazama Bi Elfinesh, naye hakutafsiri kitu. Alinyoosha mkono akachukua karatasi, akaisoma, akavua miwani, akaanza kucheka. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake wa netela. Kisha akamweleza mhandisi kwamba hesabu yetu ya miaka iko nyuma ya yao kwa miaka saba au minane, na kwamba 1999 ya kwetu ndiyo 2007 ya kwao. Ukurasa wa kwanza ulikuwa kwa hesabu yetu, wa pili kwa hesabu yao. Miaka minane haikuwahi kuwepo. Niliacha kiwanda cha kwanza siku ya Ijumaa, nikaingia cha pili Jumatatu.

"Wewe baba wewe," akaniambia, "umeulizwa kuku aliyepotea, ukaungama mbuzi uliyemwiba!"

Nilitamani sakafu inimeze. Nilisimama nikafunga kile kifungo kimoja kinachofungika, nikaomba radhi kwa kuwapotezea muda. Lakini mhandisi alikuwa akimvuta Bi Elfinesh mkono, anataka kujua mtu huyu amesema nini muda wote ule. Naye akamtafsiria, yote, kuanzia ngano bichi hadi magunia. Nilimwona yule Mhindi akiketi vizuri zaidi. Akauliza: jiwe la kusagia tefu, ile nafaka ndogo ya injera, mifereji yake inakuwaje? Nikamjibu, myembamba na ya karibukaribu. Akauliza utajuaje kwamba jiwe limechoka, bila kulifungua. Nikamwambia unaweka mkono chini ya mdomo wa mashine, ukiona unga unatoka moto, jiwe limechoka. Na ukishindwa kujua kwa mkono, subiri kesho yake wanawake waje kukutukana, maana mikate yao ya injera itatoka bapa, haina macho.

Hakusema hata "ishi". Alitoka, akarudi na wafanyakazi wawili wamebeba jiwe, wakalitua sakafuni mbele yangu, na nyundo juu yake. Nilivua koti la harusi. Nilipiga magoti, nikachonga robo ya jiwe lile pale pale ofisini, vumbi likitua juu ya mafaili ya watu, na naapa sikumbuki lini mara ya mwisho nilifanya kazi nikiwa na furaha kiasi kile.

Nafasi ya mkuu wa zamu walimpa mtu mwingine, kijana hodari, namjua. Mimi wamenipa nyingine: niende vijijini kulikouzwa mashine zao, niwafundishe wasagaji kuchonga na kutunza mawe. Nusu ya mashine walizouza zinalalamikiwa, na tangu mwezi wa Miyazya walikuwa wakitafuta mtu kama mimi wasimpate. Bi Elfinesh alinisindikiza hadi langoni, akanipiga kofi la bega lenye uchungu kidogo. "Ungeiandika hiyo miaka miwili," akasema, "tungekuita kwa kazi hii moja kwa moja, na hayo magoti yako yangepumzika."

Basi Pagume hii nimekaa chini. Siku zote tano, kalamu mkononi, Tirngo akiniletea kahawa na kunikosoa. Nimeandika kila mwaka na kilichofanyika ndani yake, kwa hesabu yetu na ya kwao bega kwa bega. Nimeandika kufukuzwa kwangu na sababu yake. Wenzangu wa kiwandani waliposikia, wakaanza kuja hapa nyumbani na bahasha zao. Mmoja aliandika "mlinzi, miaka kumi na sita", basi. Tukamuuliza, na ile pampu ya maji ni nani alikuwa anaitengeneza kila ikifa? Akasema ni mimi, lakini hiyo nayo ni kazi? Tulimzomea hadi akaandika.

Nakala yangu nimeifunga pamoja na barua hii. Lakini kuna jambo moja ambalo halikuwa na mahali pa kukaa kwenye wasifu, wala sikuwaambia wale wa Bishoftu. Hili ni lako peke yako, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu.

Mama alipofariki, mwezi wa Tir wa 2004, mimi nilikuwa Arsi. Arobaini yake ilipokaribia, nilikuwa sina namna ya kuja kwako mikono mitupu, mimi uliyenijua kuwa mkuu wa zamu wa kiwanda cha unga. Nililia mbele ya mwanamke mmoja mwenye mashine, anaitwa Shure, ambaye mawe yake nilikuwa nayachonga siku hiyo. Hakuniuliza mengi. Akasema, "Fundi, mama yako ndiye mama yetu. Nenda kaoge, kazi hii tuachie." Kwa siku nne yeye na wanawake wa vijiji vitatu walichanga tefu, kila mmoja kibaba chake, wakaisaga, wakajaza magunia manane, wakayapandisha lori la kwenda Dessie pamoja nami. Nami nilipoyashusha mlangoni kwako, nikakuambia ni rambirambi ya kiwanda.

Ulisimama mbele ya padri na ukoo mzima ukakishukuru kiwanda. Ulikishukuru kwa jina, ukasema mwajiri wa namna hiyo ni baraka kwa mtoto wa mjane. Mimi niliinamisha kichwa, watu wakadhani ni majonzi. Baadaye ulinishika mikono, ukaona chembe za chuma zimezama ndani ya ngozi, ukauliza, nikasema ni mtambo. Kiwanda hakikutuma hata punje, dada. Nisamehe. Nimeibeba shukrani ya watu wengine miaka sita, na hiyo ilinielemea kuliko aibu yangu mwenyewe.

Mwezi ujao kazi yangu itanipeleka kijiji cha Shure. Ukipenda, niandikie barua nimpelekee, umshukuru yeye na wenzake kama ulivyokishukuru kiwanda, kwa sauti yako ileile. Na mwambie padri, waambie na shangazi zetu, waliokula siku ile wakasifu kwamba hawajawahi kuonja injera laini namna ile. Waambie unga ule ulisagwa na wanawake wa Arsi, kwa mawe ambayo mwana wa marehemu aliyachonga kwa mkono wake.

Nisalimie wote, wakubwa kwa wadogo, na wale wasioniulizia wasalimie pia. Likande goti lako kwa mafuta ya moto usiku. Nangoja neno lako, hata likiwa kali.

Mimi mdogo wako,
Dagnachew